Kipimo Kisicho na Nyongeza

Mtu akikwambia uzee ni heshima, mwulize magoti yake yanasemaje. Mzee Nicholaus alikuwa na heshima ya kukitosha kijiji kizima, na magoti mawili yasiyomheshimu hata kidogo. Asubuhi ile ya msako wa nguruwe alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, amechoka kabla siku haijaanza, uji unapoa mbele yake naye hana hamu ya kuunyanyua.

Kazi yake ilikuwa kupima baruti. Kule kwao, milimani juu ya Liuli, mahindi hulimwa kwenye ngolo, yale mashimo ya kilimo ya mteremkoni, na nguruwe pori huyavuna kabla ya mwenyewe. Kwa hiyo kijiji kina magobore saba yenye vibali, na kila msimu watu huomba ruhusa, wakakusanya mbwa, wakaingia korongoni. Zamani kila mwenye gobore alijishindilia baruti kwa kiganja chake, anavyojua mwenyewe, hadi siku mmoja wao alipozidisha na mtutu ukampasukia usoni. Walimzika kabla mahindi hayajakauka. Ndipo wazee wakakubaliana kwamba baruti ikae nyumba moja na ipimwe na mkono mmoja. Mkono huo ulikuwa wa Nicholaus, na huu ulikuwa mwaka wa thelathini na moja.

Kipimo chenyewe kilikuwa kipande kifupi cha mwanzi, kimekuwa cheusi kwa kushikwa. Unajaza hadi mdomoni, unapitisha kidole gumba juu yake, kinachozidi kinarudi kwenye kopo. Kisha unamimina kwenye karatasi ya daftari, unafunga kifurushi. Kifurushi kimoja, mlio mmoja, habari imeisha. Watu walimtania sana kwa kile kidole gumba. "Bahili wa baruti huyo," walisema. "Akikuuzia chumvi, mboga utaila na machozi." Naye alicheka nao, lakini kidole hakikulegea.

Sasa lipo jambo ambalo kijiji hakikulijua. Macho ya mzee yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili, mwaka wa pili sasa. Mwanga aliuona. Mtu akisimama mlangoni aliona kuwa pamesimama kitu. Zaidi ya hapo ilikuwa ukungu, kama ule unaopanda kutoka ziwani mwezi wa sita, tofauti ni kwamba ule hupanda ukaondoka. Aliyejua ni mkewe tu, Restituta, na alikatazwa asimwambie hata binti yao Lidia.

Kwa nini afiche? Swali zuri, na jibu lake ni la kijinga kama majibu mengi ya wanaume. Mpimaji asiyeona si mpimaji tena. Na Nicholaus asipokuwa mpimaji ni nani? Ni mzee mwingine tu wa kuamkiwa shikamoo na kupitwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema kwamba mara nyingine kifo hicho kinakosea mlango na kwenda kubisha kwa jirani.

Basi wakapata njia yao, mtu na mkewe. Restituta alichota na kumimina, Nicholaus akapitisha kidole gumba. Kidole gumba hakihitaji macho. Mambo yakaenda hivyo msimu mmoja na nusu bila neno.

Ila jana yake mgongo ulimkamata mzee, akalala chali kama gogo. Msako ulikuwa kesho yake. Akasema kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu anayetaka kuachwa alale, "Mama Lidia, malizia wewe. Jaza mwanzi, funga, basi."

Restituta akajaza, akafunga. Vifurushi kumi na vinne, viwili kwa kila gobore, na kimoja zaidi cha akiba. Alfajiri wenye magobore wakapita mlangoni, wakapokea, wakaondoka na mbwa wao. Mzee alikuwa bado anabishana na mgongo wake chumbani.

Sasa yuko kwenye kigoda, na mkewe anamwekea kile cha akiba kiganjani ili akihifadhi.

Nicholaus akakifumba kiganja. Akakifumbua. Akakipima kifurushi kwa kukirusharusha kidogo, mara moja, mara mbili. Uchovu wote ukamtoka kwa dakika moja, na badala yake ukaingia ubaridi.

"Mama Lidia. Hiki umekijazaje?"

"Kama kawaida," alisema Restituta akikoroga mboga. "Nimejaza, nikapandishia kidogo juu, halafu nikatia na nyongeza kidogo ya vidole."

"Nyongeza!"

"Ee, nyongeza. Watu wanakwenda kutulindia mahindi, niwapimie kavukavu kama mchoyo?"

Ukitaka kumwelewa Restituta, nenda naye gulioni. Ana miaka ishirini anauza usipa, vile visamaki vya ziwani, na kopo lake halijawahi kuishia mdomoni. Hulijaza, akalipandishia kichuguu mpaka usipa wa juu uteleze, kisha akachota mkono mzima wa nyongeza akautupia kwenye mfuko wa mteja, huku akiuliza watoto hawajambo. Kwa watu wa huku, kupimiwa usawa wa kopo ni tusi. Utalinunua, ndiyo, lakini wiki ijayo utapita meza ya jirani. Restituta alikuwa amemwangalia mumewe akikata baruti kwa kidole miaka yote hiyo, na moyoni aliona aibu kidogo. Alidhani ni ubahili. Na Nicholaus, kwa miaka thelathini na mmoja, hakuwahi hata siku moja kukaa naye akamweleza ni nini.

"Na mwaka jana," aliendelea, "Joakim alimpiga nguruwe, nguruwe akaanguka, akaamka, akamrarua mbwa. Mkweo huyo, mume wa Lidia. Nikasema mwaka huu walau mlio uwe na nguvu."

"Vyote umevifanya hivi?"

Hapo ndipo aliposikia sauti ya mumewe imebadilika, akaacha kukoroga. "Vyote. Kuna nini, Baba Lidia?"

"Magobore yale ni ya babu zetu. Mengine mtutu wake ni bomba la maji. Huu si usipa, mama. Baruti ikizidi haitoki mbele, inarudi kwa mwenyewe."

Alitaka kufoka, akakuta hana nguvu ya kufoka. Restituta tayari alikuwa anajifunga khanga kiunoni. "Nakwenda. Nakimbia. Nitawakuta kabla hawajashindilia."

Hapa, jamani, ndipo palipoharibikia. Mwanamke yule alikuwa na miguu ya kupanda na kushuka mpaka ziwani na ndoo kichwani. Angefika. Lakini mzee akasema, "Kaa. Ukienda wewe watauliza kwa nini wewe. Nakwenda mimi."

"Na mgongo wako huo?"

"Nimesema nakwenda mimi."

Wakajaribu simu ya Joakim kwanza. Haipatikani, kule korongoni hata mtandao unaogopa kushuka. Mzee akachukua fimbo yake akatoka.

Njia ile aliijua kwa miguu. Alijua jiwe la kwanza, jiwe la pili, mahali mizizi ya msuku inapotambaa, kijito cha kuvuka kwa hatua mbili. Alipanda akisimama, akihema, akijilaani, akipanda tena. Kila aliposimama alisikiliza. Walikuwa na kanuni, na kanuni hiyo aliitunga yeye: hakuna kushindilia mpaka mbwa wabweke. Mbwa walikuwa kimya. Bado, alijiambia. Bado, bado. Na njiani alitunga maneno yake, akayarudia: nimepofuka, mke wangu ndiye anapima, kazidisha bila kujua, rudisheni vyote. Sentensi fupi tu. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuikariri.

Akafika juu shati limemganda mgongoni. Kiongozi wa msako, Urbani, alikuwa amesimama mwanzo wa korongo pamoja na wenzake wawili. Wengine walikuwa wamejipanga kushuka chini, kila mmoja umbali wa kutupa jiwe, na wa mwisho kabisa, mahali nguruwe hupenda kutokea, alikuwa Joakim.

"Shikamoo fundi!" alisema Urbani kwa sauti ya chini, ameshangaa. "Umepanda mwenyewe mpaka huku?"

"Marahaba."

"Jamani, mzee huyu! Mgongo unamwuma na bado kaja kutuona. Ndiyo maana miaka yote hii hatujaumia." Wale wawili wakaitikia, mmoja akamshika mzee mkono amkalishe juu ya jiwe. Mikono yao ilikuwa ya upole. Nicholaus akafumbua mdomo atoe ile sentensi yake, akaisikia inavyoanza, nimepofuka, akaona ule upole utakavyogeuka kuwa upole wa aina nyingine, ule wa kushikwa mkono kuvuka barabara.

Akasema, "Baruti imelowa."

"Imelowa?"

"Karatasi ilikuwa na unyevu. Rudisheni vifurushi vyote, msako uahirishwe."

Aliona ametumia akili. Vifurushi vitarudi, hatari imekwisha, na aibu hakuna. Urbani hakubisha, nani ambishie mpimaji? Akamnong'oneza wa pili, wa pili akashuka kidogo akamwambia wa tatu, na neno likateremka korongoni mdomo kwa mdomo. Punde vifurushi vikaanza kupanda. Mzee akavipokea kwa mikono miwili, akavihesabu kwa vidole. Viwili. Vinne. Vinane. Kumi. Kumi na viwili.

Akangoja. Hakuna kingine.

"Bado viwili vya Joakim," alisema.

"Jibu lake linakuja," alisema Urbani, akainama kumsikiliza aliyepanda kutoka chini. Kisha akacheka kidogo kwa pua. "Mkweo huyo hakungoja mbwa, fundi. Anasema keshashindilia tangu alipofika, maana mwaka jana alichelewa kushindilia cha pili akapoteza mbwa. Na anasema tusiwe na wasiwasi. Kwa vile umesema imelowa, nguvu itakuwa ndogo, basi ameongeza na cha pili juu yake."

Nicholaus hakujua amesimama saa ngapi. Alihisi tu kwamba jiwe halipo chini yake.

"Mwambieni asipige! Mwambieni aliweke gobore chini!"

"Taratibu, mzee, nguruwe watasikia. Kwani kuna nini? Kama imelowa si haitawaka tu?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na jibu lake lilikuwa ni ile sentensi. Urbani alikuwa anangoja. Wale wawili walikuwa wanangoja. Mzee akavuta pumzi, na katika ule muda wa kuvuta pumzi, si mrefu, mtu hawezi hata kufunga kifungo cha shati, alikuwa bado anatafuta uongo mwingine. Hiyo ndiyo kweli yake na alikuja kuijua vizuri baadaye. Hakuwa anajiandaa kusema ukweli. Alikuwa anatafuta uongo mwingine.

Mbwa wakabweka. Pakawa na kishindo. Waliokuwapo wanasema haukuwa mlio wa gobore, ulikuwa mfupi na mkavu. Ndege wakaruka, mbwa wakanyamaza, na baada ya hapo ikasikika sauti ya Joakim, akiita mama yake.

Walimfunga mkono kwa shati la Urbani, wakambeba mpaka barabarani, wakamshusha Liuli hospitalini kwa pikipiki, katikati ya dereva na shemeji yake. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilibaki korongoni. Kuhusu jicho moja, madaktari walisema watu wangoje.

Kijiji kikaongea, na kiliongea kitu kimoja. Mzee alionya. Alipanda mlima na mgongo wake unaomwuma, akaonya, kijana akakaidi. Afisa wa wanyamapori alikuja na daftari, Urbani akatoa maelezo, na yakaandikwa hivyohivyo: mpimaji alitoa tahadhari, majeruhi akazidisha mwenyewe. Jumapili katekista alimtaja kanisani kama mfano wa mchungaji anayewafuata kondoo wake mpaka porini. Nicholaus alikuwa kwenye benchi la tatu. Hakusema kitu, na watu wakauona ukimya wake wakauita unyenyekevu. Baada ya misa walipanga foleni kumshika mkono.

"Nitasema mimi," alisema Restituta usiku ule. Alikuwa hajala siku mbili, na kopo lake la usipa alikuwa amelifunika chini ya kitanda, hataki kuliona. "Mkono uliopima ni wangu."

"Mkono ulikuwa wako," alisema mzee. "Mdomo ulikuwa wangu. Nyongeza yako pengine mtutu ungeivumilia. Hajui mtu. Lakini cha pili kile nilimtilia mimi, kwa ulimi." Kisha akasema amechoka, na kweli alikuwa amechoka, uchovu usiolalika.

Siku ya nne wakashuka Liuli. Wodi ilikuwa nyeupe na mwanga mwingi. Dirisha kubwa lilikuwa nyuma ya kitanda cha Joakim, na upepo wa ziwa uliingia ukitikisa pazia. Lidia alinyanyuka, akawaamkia wazazi wake, akamkalisha baba yake kwenye kiti. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alishalia yote.

"Shikamoo baba," alisema Joakim.

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Naendelea. Baba, nilikuwa nakungoja." Kitanda kikalia; alikuwa anajitahidi kuketi. "Naomba unisamehe. Ulipanda mlima wote ule kwa ajili yetu, ukatuma neno, na mimi nikajifanya najua. Kanuni ulitupa wewe, usishindilie kabla ya mbwa. Nikavunja. Nimekuaibisha mbele ya watu, nimemtia binti yako katika shida. Nisamehe, baba."

"Nilimwambia," alisema Lidia. "Nilimwambia, baba alikuonya, ulitaka akuonye na nini, na kengele?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Angesema tu, nimekusamehe. Neno moja, na mpaka kufa kwake angekuwa mzee aliyeonya. Restituta alikuwa amemshika kiwiko, na Nicholaus alihisi vidole vyake vinavyosubiri.

"Haikuwa imelowa," alisema.

"Nini, baba?" aliuliza Joakim.

"Baruti. Ilikuwa kavu, na ilikuwa nyingi kupita kiasi. Nililala na mgongo, Mama Lidia akapima peke yake, akatia nyongeza kwa moyo mwema, kwa kuwa sikuwahi kumfundisha. Anapima yeye kwa sababu mimi sioni, Joakim. Mwaka wa pili huu. Nilipanda kuja kusema hivyo, nikafika, nikaona haya. Nikasema imelowa. Wewe ukafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya kwa baruti iliyolowa. Hujakosa kitu. Mimi ndiye nimekukata vidole."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo sakafuni.

"Hapana," alisema Joakim mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya huruma, ikawa mbaya zaidi kuliko kama angefoka. "Unanifariji, baba. Unataka kuubeba wewe ili nisijilaumu. Mtu asiyeona angepandaje kule juu?"

"Sikufariji."

"Umetupimia miaka yote hii."

"Sikufariji, mwanangu. Sioni."

Joakim akauliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu, "Basi niambie. Hivi ni vidole vingapi?"

Nicholaus akakaza macho. Mbele ya mwanga wa dirisha palikuwa na kitu cheusi kikubwa, na pembeni yake kitu kingine kinatikisika. Alikuwa amekuja kusema kweli, na alikuwa ameshaisema. Lakini mtu aliyebahatisha kwa miaka miwili habahatishi tena kwa kutaka. Mdomo wake ulimtangulia.

"Vitatu," alisema.

Restituta akaachia kiwiko chake. Lidia akavuta pumzi kwa nguvu, akaanza upya kulia.

"Baba," alisema Joakim, "sijainua mkono."